Nahudumia wakimbizi, ukoo wangu umeninunia. Je, binadamu wote wanaweza kweli kuwa ndugu zangu?

SWALI: "Mimi ni mama wa watoto watatu, mzaliwa wa Kasulu. Nafanya kazi katika shirika linalohudumia wakimbizi wa Burundi na Kongo kambini Nyarugusu. Juzi kwenye msiba wa shangazi, mjomba alisema mbele ya watu kwamba mimi nalisha wageni wakati watoto wa ukoo wanakwenda shule na sare zilizochanika. Watu wakacheka, mimi ikaniuma. Binti yangu wa kidato cha nne akanitetea kwa ile ahadi ya TANU, 'Binadamu wote ni ndugu zangu na Afrika ni moja.' Mjomba akamjibu kuwa damu ni nzito kuliko maji. Tatizo ni kwamba hata mimi sijioni msafi. Tulipotafuta vibarua wawili wa ghala, nafasi moja nilimpa mtoto wa dada yangu. Na nikisikia mkimbizi kaiba kuku kijijini, nakasirika kuliko akiiba mtu wa kwetu. Je, inawezekana kweli mtu akaweka binadamu wote mbele ya kabila lake, dini yake na nchi yake? Au ni maneno ya jukwaani tu, na mimi ni mnafiki?"

JIBU: Dada yangu, pole kwa kufiwa na shangazi, na pole kwa maneno ya mjomba. Maneno ya msibani huuma zaidi kwa sababu huwezi kuyajibu bila kuonekana huna adabu.

Nikikuelewa vizuri, kinachokunyima raha si mjomba. Kinachokunyima raha ni kwamba binti yako alikutetea kwa maneno mazito, nawe ukamkumbuka kijana wa ghalani, ukaona hustahili kutetewa. Basi nianze na jibu fupi. Ndiyo, inawezekana, na wapo waliolifanya hilo hadi kufa. Ila halifanyiki kwa namna wengi tunavyodhani, kwamba mtu anakua kiroho mpaka hahisi tena kabila, dini wala nchi. Watu wa namna hiyo ni wachache mno, na huhitaji kuwa mmoja wao ili uache kujiita mnafiki.

Mjomba ana kosa la hesabu ambalo karibu sote tunalo. Anaichukulia huruma kama debe la unga: ukimpimia Mrundi kibaba, mtoto wa ukoo kapungukiwa kibaba. Kwenye mshahara wako ni kweli, shilingi iliyonunua blanketi hainunui tena sare. Lakini chakula cha kambini hakitoki mfukoni mwako, na ukiacha kazi kesho hakitageuka sare. Kwa upande wa moyo, hesabu hiyo imeshachunguzwa, tena hapa hapa kwetu. Mwaka 1976 Wamarekani wawili, Marilynn Brewer na Donald Campbell, walichapisha matokeo ya mahojiano na watu wa makabila 30: kumi ya Kenya, kumi ya Uganda na kumi ya Tanzania. Walitaka kujua kama kabila linalojipenda sana ndilo linalowachukia sana wengine. Watu walijisifu karibu kila mahali. Sisi ndio waaminifu, sisi ndio wapole. Lakini ukubwa wa kujisifu haukusaidia kutabiri nani atamkataa jirani wa kabila lingine au mkwe wa kabila lingine. Kumpenda wa kwenu ni jambo moja na kumchukia wa nje ni jingine, na hili la pili lina vichocheo vyake: shamba linalogombewa, mwanasiasa anayesaka kura, redio inayotia watu hofu.

Kwa hiyo kumpenda mtoto wa dada yako hakukufanyi uwe adui wa Warundi. Ila usifurahi haraka, maana upendeleo hauhitaji chuki ili ufanye kazi.

Aliyeonyesha hilo vizuri kuliko wote ni Henri Tajfel. Alikuwa Myahudi wa Poland aliyekamatwa na Wajerumani akiwa katika jeshi la Ufaransa. Kwa kuwa walimhesabu kama mfungwa wa kivita wa Kifaransa, alinusurika. Vita ilipokwisha akakuta karibu watu wake wote wameuawa. Mtu kama huyo alijua uzito wa kuandikwa upande huu badala ya ule. Baadaye, akiwa mwalimu wa chuo kikuu Bristol, Uingereza, alichukua wavulana wa shule wenye miaka 14 na 15, akawaonyesha vitone ukutani wakisie ni vingapi. Akawaambia wamegawanywa makundi mawili kulingana na walivyokisia, ingawa kwa kweli aliwagawa kwa bahati nasibu tu. Kisha kila mmoja, akiwa peke yake, akaambiwa agawe pesa kidogo kwa wavulana wawili asiowajua. Alichojua ni kwamba mmoja ni wa kundi lake na mwingine ni wa kundi lile. Yeye mwenyewe hakuwa na faida yoyote katika mgao huo. Wengi walilipendelea kundi lao, na katika jaribio jingine la namna hiyo walikubali kundi lao lipate pungufu ya ambavyo lingeweza kupata, mradi tu lile lingine lipitwe.

Vitone ukutani, dada yangu. Hakukuwa na ukoo, mahari wala makaburi ya mababu. Kama vitone vinatosha, si ajabu mtoto wa dada yako aliipata ile nafasi bila wewe kuhisi umefanya uamuzi wowote. Ulimwona tu kuwa "anafaa".

Hasira yako ya kuku inatoka hapo hapo. Mtu wa kwetu akiiba tunatafuta sababu: njaa, pombe, makundi mabaya. Wa nje akiiba, kosa linaandikwa kwenye jina la watu wake wote. Ubongo hufanya kazi hiyo haraka kabla hujafikiri, kwa hiyo ule mchomo wa kwanza si kipimo cha utu wako. Kipimo ni unachofanya baada yake. Ulisambaza habari ya kuku kwenye kundi la WhatsApp, au uliuliza kwanza nani kaiba na kwa nini? Ungesambaza vilevile kama mwizi angekuwa wa kijijini?

Sasa niseme jambo linalonipa matumaini. Mstari unaotenganisha wetu na wao hausogezwi kwa urahisi, lakini unasogezeka. Mark Levine na wenzake walifanya jaribio katika chuo kikuu cha Lancaster, wakalichapisha mwaka 2005. Waliita mashabiki wa Manchester United, wakawauliza maswali juu ya timu yao, kisha wakawatuma jengo la pili. Njiani kijana anakuja mbio, anateleza, anaanguka, anashika kifundo cha mguu akilia kwa maumivu. Wakati mwingine amevaa jezi ya Manchester, wakati mwingine ya Liverpool, wakati mwingine fulana tupu. Mwenye jezi ya Manchester alisaidiwa na karibu wote. Wa Liverpool na wa fulana tupu, wengi waliwapita. Wakarudia na mashabiki wengine wa Manchester, ila safari hii waliwauliza juu ya raha ya kuwa mpenzi wa soka kwa jumla. Wa Liverpool akasaidiwa karibu sawa na wa Manchester. Ila yule wa fulana tupu akaendelea kupitwa.

Naipenda hiyo sehemu ya mwisho kwa sababu haitudanganyi. Kundi likipanuka, wanaoingia ndani wanafaidi na wanaobaki nje wanaendelea kubaki nje. Simba na Yanga hukumbatiana Taifa Stars ikishinda, lakini muulize mgeni wa upande wa pili kama na yeye alikumbatiwa.

Na nyinyi Kasulu mna mfano mlangoni. Muha na Mrundi wanasikilizana kwa lugha, kila mmoja akisema yake. Mpaka uliochorwa na wakoloni, ukaja kuongezewa vitambulisho na uzio wa kambi, umefanya watu wanaosalimiana bila mkalimani waitane wageni. Ni mstari wa watu, nao ndio wanaoweza kuusogeza.

Utaniuliza, kwa nini basi tusiusogeze mara moja mpaka uwazunguke binadamu wote? Hapo ndipo ahadi ya binti yako inapogota. "Binadamu wote" ni kundi lisilo na sura na lisilo na mtu aliye nje yake. Huwezi kulizika wala kulichangia harusi. Moyo hushikwa na mtu mmoja, si na idadi. Katika utafiti wa Deborah Small na wenzake wa mwaka 2007, watu waliosomewa habari za msichana mmoja wa Mali wa miaka saba, aliyeitwa Rokia, walitoa mchango mkubwa kuliko waliopewa takwimu za mamilioni wenye njaa. Wewe unalijua hilo kuliko mimi. Najua yupo mama mmoja kambini ambaye akiugua huli vizuri.

Lakini kumpenda huyo mama hakukufundishi moja kwa moja kuwapenda asiowajua. Mtafiti Salma Mousa alichanganya vijana Wakristo na Waislamu katika timu za soka huko Iraq, kwenye maeneo yaliyopitiwa na vita ya kundi la Dola la Kiislamu. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2020, yanaonyesha Wakristo waliocheza na Waislamu waliendelea kufanya mazoezi nao hata miezi baadaye. Nje ya uwanja, kwa Waislamu wasiowafahamu, mabadiliko yalikuwa madogo sana. Ndiyo maana unaweza kumpenda mama wa kambini asubuhi na kumkasirikia mwizi wa kuku jioni. Hakuna unafiki hapo. Mmoja ana jina, mwingine ni "mkimbizi".

Tufike kwa waliofika mbali kuliko sisi. Samuel na Pearl Oliner waliwahoji mamia ya watu wa Ulaya waliowaficha Wayahudi wakati wa utawala wa Hitler, huku wakijua wakigunduliwa wao na watoto wao wanaweza kuuawa. Samuel mwenyewe alikuwa mtoto wa Kiyahudi aliyefichwa na mwanamke Mkristo huko Poland. Ungetarajia wote waseme walisukumwa na upendo kwa binadamu wote. Waliosukumwa hasa na kanuni ya haki kwa kila mtu walikuwa karibu mmoja katika kumi. Zaidi ya nusu waliingia kwa sababu mtu au kundi wanaloliheshimu lilisema hivyo ndivyo inavyopasa: padri wao, familia yao, wenzao wa upinzani. Waliobaki waliguswa na aliyesimama mbele yao akitetemeka.

Hayo yalibadili namna ninavyolitazama swali kama lako. Tunaliuliza kana kwamba kundi liko upande huu na ubinadamu upande ule, nawe uchague. Mara nyingi ni kundi lenyewe linalombeba mtu mpaka kwa mgeni, likiwa limemfundisha kwamba sisi ni watu tusiomfukuza aliyebisha hodi usiku. Kwa hiyo ningependa ujiulize pia ukoo wako unasema nini juu ya mgeni, nani anaruhusiwa kusema hivyo kwa niaba yake, na kwa nini siku ile ya msiba alisema mjomba peke yake.

Burundi, si mbali na kwenu, kuna mahali panaitwa Buta, katika mkoa wa Bururi wa wakati ule. Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997 watu wenye silaha waliingia katika bweni la seminari ndogo, yaani sekondari ya wanaoandaliwa kuwa mapadri, na kuwaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Walikuwa vijana wa sekondari, wametolewa kitandani. Walikataa kujitenga. Walipigwa risasi na kurushiwa mabomu ya mkono, wakafa 40. Ujasiri huo haukuzuka alfajiri ile. Tangu mauaji ya kikabila ya Burundi ya 1993 walezi wao walikuwa wakiwakalisha pamoja, Wahutu na Watutsi, waseme waziwazi hofu zao na habari za nyumbani kwao, huku wakisali na kucheza pamoja.

Kenya nako, tarehe 21 Desemba 2015, wapiganaji wa Al-Shabaab walilisimamisha basi karibu na El Wak, kaunti ya Mandera, wakawataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Mwaka mmoja kabla, mwezi wa Novemba, abiria 28 wasio Waislamu walishushwa katika basi la eneo hilo hilo wakauawa. Safari hii Waislamu walikataa, na baadhi ya wanawake waliwapa wenzao Wakristo vitambaa wajifunike. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi akiwa miongoni mwa waliokataa, akafariki Januari 2016.

Tazama waliombwa kufanya nini. Hakuna aliyewauliza kama wanawapenda binadamu wote sawa. Waliambiwa wapange mistari miwili, wakakataa, kwa ajili ya watu waliokuwa nao bwenini na kwenye basi. Sidhani kama vijana wa Buta walikuwa wameacha kuwa Wahutu na Watutsi, na najua Mwalimu Salah hakuacha Uislamu. Walikataa tu ule utambulisho utumike kumtoa mtu mwingine kwenye uhai. Ukiniuliza kumweka binadamu mbele ya kundi kunafananaje, kunafanana hivyo.

Serikali nazo zina sehemu, maana si haki kumwachia mtu mmoja mzigo wote. Mchumi Edward Miguel alilinganisha Busia ya Kenya na Meatu ya Tanzania, na kazi yake ikatoka mwaka 2004. Busia, penye mchanganyiko mkubwa wa makabila shule zilikusanya michango kidogo. Meatu, mchanganyiko haukuwa na athari hiyo. Yeye alitaja sera: Kiswahili, mitaala, serikali za vijiji na kufutwa kwa uchifu. Ni wilaya mbili tu, tusijivune sana, lakini matokeo hayo yanasema ahadi ile haikuwa ya jukwaani tupu.

Na isomwe pamoja na rekodi yetu nzima. Mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda kama 250,000 walivuka mpaka wa Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi, wakapokewa. Desemba 1996 wakaambiwa wote wawe wameondoka ifikapo tarehe 31, na askari wakawasukuma mpakani. Halafu nchi hiyo hiyo ikawapa uraia Warundi kama 162,000, waliokimbia kwao mwaka 1972 na watoto wao, waliokuwa katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Kama taifa linaweza kuwa na mioyo miwili hivyo, wewe usijishangae sana.

Sasa ufanye nini? Wapo watakaokushauri uukate ukoo ili uwe huru. Sikushauri. Kwetu ukoo ndio bima: ndio unaokuja hospitali na uji, ndio unaochimba kaburi. Anayesema aachane nao mara nyingi ana mshahara mkubwa au hajawahi kuugua. Wengine watakwambia jilazimishe kuwapenda wote sawa, na hilo litakuchosha kisha likufanye mwongo. Ninachokuomba ni utenganishe mali yako na dhamana uliyopewa. Mshahara wako ni wako. Nunua sare za watoto wa ukoo kwanza ukitaka, hakuna anayedhulumiwa. Nafasi ya ghalani haikuwa yako. Kulikuwa na kijana mwingine aliyeleta barua yake akitumaini itasomwa kama za wenzake.

Kwa hiyo hapo ulikosea, hata kama mtoto wa dada anafanya kazi vizuri. Nenda kwa afisa rasilimali watu umweleze kwa maandishi uhusiano wenu, na uombe mtu mwingine amsimamie. Huenda akaondolewa, huenda utapewa onyo. Ni nafuu kuliko kugunduliwa, na dada yako mwambie mapema yeye kabla hajasikia kwa watu. Nafasi ikitangazwa tena na ndugu akaomba, jitoe kwenye usaili tangu mwanzo. Moyo utavuta tu. Utaratibu umewekwa kwa sababu hiyo.

Kwa mjomba usiende na ahadi ya TANU wala na majaribio ya Wazungu. Ana hoja moja ya kweli ambayo haikusikika kwa sababu ya kicheko: vijiji vinavyopokea wakimbizi hubeba mzigo wa kuni, maji na zahanati zilizojaa. Mpelekee salamu, keti naye faragha, umwache aseme hayo mpaka amalize. Kisha mwulize kama katika maisha yake hajawahi kupokelewa na watu wasio wa damu yake. Wazee wengi wa huko wana hadithi hiyo, na ikitoka kinywani mwake itafika mbali kuliko ingetoka kwako.

Binti yako mpongeze, lakini mwambie na habari za ghalani. Ana umri wa kuelewa.

Mwisho, kuna mambo ambayo barua haiwezi kuyamaliza. Ukianza kukosa usingizi, kuota uliyoyasikia kwa wakimbizi, au kuona hulii tena hata mtoto akifa mikononi mwenu, huo ni uchovu wa kazi ya namna yako na una tiba. Mwone mshauri nasaha wa shirika, na kama hayupo, nenda hospitali ya wilaya ukamwulizie afisa ustawi wa jamii. Maneno ya ukoo yakigeuka vitisho, kwako au kwa wakimbizi unaowafahamu, peleka kwa mwenyekiti wa kijiji na polisi siku hiyo hiyo, na ujumbe wa simu usiufute. Na kama kitaitishwa kikao cha ukoo juu yako, usiende peke yako. Tafuta mzee mmoja anayesikilizwa na pande zote, umweleze yote kabla ya siku, pamoja na ile nafasi ya ghala.